Alfajiri ya Berlin, Sauti za Kwetu

Wazee wangu, shikamooni. Dada na kaka zangu, habari za jioni. Ahsanteni kwa kuja, hasa ninyi mliotoka kazini moja kwa moja.

Kesho alfajiri tunakwenda kusikiliza ndege, na nimeombwa niwaeleze leo tutasikiliza nini. Nasema kusikiliza, tena kwa makusudi. Mwishoni mwa Mei miti ya hapa imeshafunga majani, na ndege wenyewe ni wadogo. Ukitegemea macho utarudi nyumbani umeona njiwa na kunguru tu. Sikio litangulie, jicho lifuate.

Tutaanzia Tiergarten, ile bustani kubwa ya katikati ya jiji. Wengi wenu mnapita pale kila siku, na huenda mnadhani ni msitu wa kale uliosazwa na jiji. Sivyo. Kabla ya vita palikuwa na miti kama 200,000. Vita vilipokwisha mwaka 1945 watu hawakuwa na kitu cha kuwasha moto wakati wa baridi, wakaikata; ikabaki kama 700. Penye miti pakalimwa viazi na mboga. Machi 1949 ndipo walipoanza kupanda upya, kwa miche waliyopewa na miji mingine ya Ujerumani. Kwa hiyo karibu kila mti utakaouegemea kesho ulipandwa baada ya vita. Na wanyama wakarudi: mbweha, kindi, sungura, hata kipanga wakubwa wanaowinda njiwa juu ya vichwa vya watu wanaokwenda ofisini.

Ndege tutakayemfuata kwanza Wajerumani humwita Nachtigall. Ni jamaa wa kurumbiza wetu, wa rangi ya kahawia, hana pambo isipokuwa mkia wenye wekundu wa kutu. Berlin ina jozi zake kama 1,500, na miji mikubwa ya Ulaya yenye wengi kiasi hicho ni michache. Dume huimba usiku kwa sababu majike husafiri usiku. Wimbo ni taa anayowawashia walioko angani. Akishapata mwenzi, kwa kawaida huacha kuimba usiku. Basi leo ukimsikia saa nane za usiku, mwishoni mwa Mei hii, jua kwamba huyo bado anangoja.

Mwaka 2004 mtafiti Henrik Brumm alichapisha utafiti alioufanya papa hapa. Aliona kwamba penye kelele nyingi za magari ndege hawa hupaza sauti zaidi, na kwamba asubuhi za siku za kazi huimba kwa nguvu kuliko za mwisho wa wiki. Ndiyo maana nimechagua Jumapili. Kesho tutamsikia asipolazimika kupiga kelele.

Kwa nini anakaa mjini? Kwa sababu ya uchafu. Nimetumia neno hilo kwa sababu ndivyo nilivyoona mimi nilipofika. Nimelelewa kufagia uwanja kila asubuhi kabla ya chai, na nilipoona vichaka vya bustani vimeachwa vikasongamana hadi chini, majani makavu ya mwaka jana hayajaguswa, nilisema manispaa hii ina uvivu. Kumbe ndege huyu hujenga tago lake chini au karibu na ardhi, na chakula chake, mbawakawa, buibui na mabuu, kimo ndani ya majani yale. Ukifagia umemfukuza. Siku hizi nikisikia mtu anadai vichaka vile visafishwe, nasimama kuvitetea.

Kuanzia 2018 hadi 2020 Makumbusho ya Elimu Viumbe ya hapa Berlin iliwaomba wananchi wamrekodi ndege huyu kwa simu zao. Jengo ni lilelile lenye mifupa ya mjusi mkubwa iliyochimbuliwa Tendaguru, Lindi. Kuhusu mifupa ile nina maneno yangu, lakini ni ya jioni nyingine.

Sasa nifike kwa yule niliyemjia leo.

Mimi ni mtu wa Voi. Si mbali sana na kwetu, ndani ya Tsavo Magharibi, kuna hoteli pahali paitwapo Ngulia. Mwezi Novemba na Desemba, usiku usio na mbalamwezi, ukungu ukishuka, taa za hoteli ile huwavuta ndege wasafiri kwa wingi wa ajabu. Tangu 1969 wataalamu na watu wa kujitolea huwanasa kwa nyavu laini, huwavisha mguuni pete ndogo yenye namba, kisha huwaachia. Kati ya wanaonaswa sana yumo mmoja wa gramu 12 hivi, rangi ya udongo, asiyevutia jicho hata kidogo. Wajerumani humwita Sumpfrohrsänger. Nilikulia kule, nikaondoka, sikuwahi kumsikia akitajwa.

Nilikutana naye huku, mwaka wangu wa nne, katika bonde la kijito cha Tegeler Fließ, kaskazini mwa jiji, penye magugu marefu yawashayo kama upupu. Nilikuwa nimesimama nikasikia shore. Shore, yule wa kwenye mpera wa mama, anayeanza kabla ya mwadhini. Nikageuka. Sauti ikawa mbayuwayu, mara shomoro, mara ndege nisiyemjua, kisha shore tena. Mzee mmoja Mjerumani mwenye darubini aliniona nimeduwaa, akanionyesha: ni huyo mmoja, juu ya bua.

Françoise Dowsett-Lemaire aliwachunguza ndege hawa nchini Ubelgiji miaka ya 1970. Aligundua kwamba dume mmoja huiga kwa wastani sauti za aina 76 za ndege, na kama 45 kati yake ni ndege wa Afrika. Hajifunzi kwa baba yake, kwani baba huwa ameshanyamaza kinda anapofika umri wa kujifunza. Hujifunza kwa majirani, kwanza wa Ulaya alikozaliwa, kisha wa Afrika Mashariki anakopita na wa kusini zaidi anakokaa wakati huku kuna theluji. Wimbo wake umebeba njia nzima. Wenyeji humhesabu ndege wao, nami sibishani, ila huku hukaa miezi kama mitatu tu.

Magugu yale kila mwaka yanapungua, panajengwa. Nyumba zinahitajika, mimi mwenyewe nilitafuta chumba miezi minane. Lakini nitaendelea kuomba wabakishe kingo za vijito.

Kesho, basi. Saa kumi kamili za alfajiri, stesheni ya Tiergarten. Treni za mwisho wa wiki zinakesha. Vaeni mazito, umande una baridi. Watoto waje. Tafadhali msipige sauti za ndege kwenye simu: dume hudhani amevamiwa, huacha kula akaanza kumtafuta adui asiyekuwepo. Jua likishachomoza tutapanda treni kwenda Tegeler Fließ. Pale tutasimama kimya, na yeyote atakayemsikia shore aninyanyulie mkono.