Jinzi, Jasho na Helmeti: Mavazi ya Baiskeli ya Milimani

Ndugu zangu, huwa naulizwa: kwani mtu hawezi kupanda baiskeli mlimani na nguo zake za kila siku? Anaweza. Mwaka 1976, karibu na Mlima Tamalpais kule California, walioanzisha mashindano ya kuteremka ya Repack walivaa jinzi na buti za kazi. Jinzi ilikinga ngozi na changarawe, buti zikalinda vifundo. Lakini jaribu kukanyaga pedali kupanda kilima umevaa jinzi iliyolowa. Inakuwa nzito, inabana magoti, na mishono yake inakuchubua kila unapozungusha mguu.

Hapo ndipo ilipo siri ya kaptula yenye pedi, na naomba tuizungumze bila haya. Kaptula hii huvaliwa bila chupi. Ukiweka chupi ndani, umerudisha mishono ile ile tuliyoikimbia, tena imeshika jasho. Mchubuko wa kinena humweka mtu nje ya baiskeli wiki nzima, naye hasemi kwa nini. Ifue kila baada ya safari, hata kama ilikuwa fupi. Juu yake wengi huvaa kaptula pana, ngumu kidogo, ya kuzuia miiba na kuwapa nafasi wavaao pedi za magoti. Pedi hizo mimi sipandi bila kuzivaa: goti halina nyama ya kulikinga.

Fulana ya pamba iacheni nyumbani. Pamba hunywa jasho na kukaa nalo. Wakati wa kupanda huoni shida. Ukianza kuteremka kwa kasi, upepo unaipiga ile fulana mbichi nawe unatetemeka. Poliesta hukauka upesi. Sufu nyembamba hukupa joto hata ikilowa.

Glavu ni kwa sababu mtu akianguka hutanguliza mikono. Viatu viwe na soli isiyojipinda ovyo na inayong'ang'ania pedali, maana pedali ikikuponyoka, meno yake huishia kwenye muundi. Miwani ya kioo cheusi kwenye kivuli cha miti huficha mizizi. Chukueni kioo cheupe.

Sasa helmeti. Hii niliyoishika niliangukia nayo kichogo. Nje mnaona mkwaruzo tu. Igeuzeni: povu la ndani limepasuka, hapa. Povu hilo limetengenezwa lipondeke ili nguvu ya pigo iishie humo badala ya kufika kwenye fuvu, na likishapondeka halirudi. Ndiyo maana siivai tena. Za milimani hushuka zaidi kisogoni kuliko za barabarani, na wanaoteremka kwenye miamba huvaa zile zinazofunika mpaka kidevu. Ipitisheni kila mmoja aishike, mpitishe kidole kwenye ule ufa.