Mchuzi wa changu wa harufu ya saumu, kwa wenye tumbo la gesi

Hamjambo jamani, karibuni jikoni kwangu hapa Lindi mjini. Leo ni mchuzi wa changu unaonukia kitunguu saumu, ila saumu yenyewe huli. Hii ni yenu mnaoniandikia kuhusu tumbo: linajaa, linasokota, leo unaharisha, kesho choo hakipatikani, umepima kila kitu hakionekani, daktari kaandika IBS, yaani utumbo mwepesi kusumbuka.

Samaki keshaparwa, kapata chumvi na ndimu. Hilo mnalijua, tusimalize bando.

Sufuria motoni, mkaa uwe mchache. Mafuta ya ufuta vijiko vinne. Ndiyo, nayauza, lakini hata ya alizeti yanafaa. Punje za saumu zikate vipande viwiliviwili, basi. Usitwange! Ukitwanga hutazitoa zote, na kuzitoa ndiyo kazi yenyewe.

Kwenye saumu na kitunguu maji mna wanga wa minyororo mifupi, fruktani. Utumbo mwembamba wa binadamu hauwezi kuumeng'enya. Unateremka mpaka utumbo mpana, bakteria wanauchachua, gesi inajaa. Jirani yako anajamba, anaendelea na safari. Wewe mishipa ya fahamu ya utumbo wako ni myepesi kushtuka, kwa hiyo gesi ileile kwako ni maumivu. Sasa fruktani huyeyuka kwenye maji, kwenye mafuta haiyeyuki. Harufu inabaki, fruktani inatoka na vipande.

Saumu ikianza kugeuka rangi, toa. Toa kabla hujatia nyanya, kabla ya tui, kabla ya tone lolote la maji. Maji yakigusa saumu ikiwa ndani, fruktani imeshaingia mchuzini na hakuna namna ya kuichuja.

Mwanangu, sogeza simu, mvuke unaziba. Weka chini hiyo nyanya! Mnaona pale ukingoni? Kipande. Lete uma. Haya... toka wewe. Angalieni tena, chini pia. Hakuna? Sasa nyanya.

Na mafuta haya tumia leoleo. Usiyafungie kwenye chupa na saumu ndani ukaweka kabatini: mle hewa haipiti, na kuna bakteria wa sumu kali wanaopapenda.

Nyanya mbili, manjano, tangawizi. Majani ya kitunguu ni yale ya kijani tu, sehemu nyeupe kata utupe. Tui vijiko vichache. Najua mtu wa pwani unaninunia, lakini tui jingi huwasumbua wengi. Pilipili mimi naitia nzima. Kama inakuchoma tumbo, acha. Samaki ndani, funika.

Wakati anaiva niwaambie lisilopendeza watu wa Kusini: korosho zimo kwenye orodha ya wasumbufu wa tumbo. Mbaazi nazo, na embe lililoiva. Ziuzeni, mle karanga. Wali na ugali wa mahindi havina shida.

Lakini msije mkasema nimewakataza maisha. Utaratibu huu wa kuacha vyakula visumbufu wameufanyia kazi watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, na wao wanasema unaacha wiki 2 hadi 6 tu, kisha unarudisha kimoja kimoja, siku chache kwa kila aina, ukiangalia tumbo linajibu nini. Wengi hugundua wasumbufu wao ni wawili watatu, vingine wanakula. Ukiweza kupata mtaalamu wa lishe akusimamie, bora zaidi.

Ukiona damu kwenye choo, unakonda bila sababu, una homa, au maumivu yanakuamsha usiku, zima video uende hospitali. Hayo si ya kumaliza kwa mchuzi.

Funua. Changu hageuzwi, atavunjika, tikisa sufuria. Tikisa, nimesema, weka mwiko huo!

Haya, wali mkavu, mchuzi juu, ndimu. Mafuta ninayo ya lita na nusu lita, nitumieni ujumbe. Video ijayo tunarudisha mbaazi, kijiko kimoja kimoja.