Mmweko wa kijani jua linapozama

Ndugu wasikilizaji, nimekuja kuzungumzia sekunde moja au mbili tu. Ni pale kipande cha mwisho cha jua kinapogeuka kijani kibichi, kisha kikatoweka. Wengi hudhani ni hadithi za mabaharia. Si hadithi.

Chanzo ni hewa. Mwanga unaopita katika angahewa hupinda, na karibu na upeo wa macho hupinda kwa takriban nusu digrii, kiasi cha upana wa jua lenyewe. Jua mnaloliona likigusa bahari, kwa hakika limekwisha kuzama. Mnachotazama ni taswira iliyoinuliwa na hewa. Sasa, kila rangi hupinda kwa kiasi chake. Nyekundu hupinda kidogo, kwa hiyo hutangulia kuzama. Buluu na zambarau hupinda zaidi, lakini sehemu kubwa imekwisha kutawanyika njiani. Kinachobaki juu ni kijani.

Ukingo huo wa kijani ni mwembamba mno kwa jicho tupu. Mazigazi, yaani taswira za uongo zinazoundwa na tabaka za hewa zenye joto tofauti, ndiyo huukuza. Bahari ikiwa na joto kuliko hewa iliyo juu yake, taswira ya pili ya jua huchomoza kutoka chini na kuungana na ile ya kwanza, jua likaonekana kama chungu kilichowekwa juu ya kigoda. Mkiliona umbo hilo, msibanduke. Tazameni na rangi: jua likizama jekundu sana, vumbi na ukungu vimekwisha kumeza kijani, likibaki la manjano angavu hadi chini, tumaini lipo.

Wapo waliosema macho yanatudanganya, kwamba ni rangi inayobaki baada ya kukodolea wekundu. Lakini mmweko huonekana hata asubuhi, jua linapochomoza, kabla jicho halijaona wekundu wowote wa jua. Tena umepigwa picha za rangi. Wanaastronomia wa Vatican walifanya hivyo huko Castel Gandolfo, Italia, katika miaka ya 1950. Nakubali jicho lina mchango wake: likichoshwa na wekundu, manjano nayo huonekana kijani.

Ndiyo maana nasisitiza, na hili naomba mlishike: lipeni jua mgongo hadi ibaki kucha nyembamba tu. Mtawalinda watoto wenu na macho yenu, na rangi mtakayoiona itakuwa ya kweli. Darubini msiielekeze kwenye jua kamwe.

Karibu na ikweta jua huzama wima, mmweko hupita upesi. Karibu na ncha za dunia huteleza mshazari. Mwaka 1929, watu wa msafara wa mpelelezi Mmarekani Richard Byrd huko Antaktika waliuona ukija na kupotea kwa takriban dakika 35.

Mmweko ukikosekana, msiondoke. Geukieni mashariki. Utepe wa waridi utapanda, na chini yake weusi wa kibuluu: hicho ni kivuli cha dunia yetu, kimetupwa angani. Kisha inueni macho utosini. Buluu nzito ya wakati ule haitokani na kutawanyika kwa mwanga peke yake. Mwaka 1953 mwanafizikia Edward Hulburt alionyesha kwamba sehemu kubwa ni kazi ya ozoni, gesi iliyo juu angani, inayofyonza manjano na rangi ya chungwa kutoka katika mwanga unaopita mbali, juu sana.