"Ndiyooo!" Si Jibu: Mazungumzo na Walimu wa Madarasa ya Awali, Dar es Salaam

Wakubwa zangu, shikamooni. Wadogo zangu, hamjambo? Mratibu kanipa dakika arobaini, halafu kaenda kukaa kiti cha mbele na saa yake mkononi, maana ananijua. Kwa hiyo umuhimu wa elimu ya awali siuelezi. Sera ya 2014 iliyoifanya ya lazima mmeisoma. Ada ilipofutwa 2016, ni ninyi mliowapokea watoto mlangoni. Mtaala ulioboreshwa mnaufundisha tangu Januari 2024. Mimi nimekuja na jambo langu moja, na wanaonifahamu wameshaanza kucheka. Tumeelewana?

(Ukumbi: "Ndiyooo!")

Haya, mmejisikia? Watu wazima, wenye vyeti, mnaitikia na mimi sijafundisha kitu bado! Mmeelewa nini? Hilo ndilo jambo langu la leo. Kuitikia.

Nilikuwa kwenye darasa moja la awali wilaya ya Temeke, jina la shule halina umuhimu. Mwalimu hodari, sauti nzuri, ukuta umejaa picha alizochora mwenyewe. Anafundisha wanyama. "Ng'ombe anatupa maziwa, si ndiyo?" "Ndiyooo!" "Ng'ombe anakula majani, si ndiyo?" "Ndiyooo!" Nikaomba ruhusa niulize swali moja, nikatumia sauti ile ile. "Ng'ombe anapanda daladala, si ndiyo?" Darasa zima: "Ndiyooo!" Mtoto mmoja tu, dirishani, alikunja uso akanitazama kama mtu aliyeibiwa chenji. Huyo ndiye pekee aliyekuwa darasani asubuhi ile.

Simcheki mwalimu yule. Darasa likiitikia kwa pamoja, mwalimu unapata nguvu, unaona kazi inakwenda, na mwalimu mkuu akipita barazani anasikia watoto wanasoma. Lakini sikiliza vizuri siku moja. Wanaoanza ni watatu au wanne wa mbele. Waliobaki wanadandia nusu sekunde baadaye. Mtoto wa mstari wa nyuma anajifunza kitu, sikatai: anajifunza kuangalia midomo ya jirani yake. Atafika darasa la tatu akiwa bingwa wa midomo, hajui kusoma sentensi, na wote tutashangaa.

Kuna mtu ataondoka hapa akaseme nimepiga marufuku nyimbo. Sijapiga. Watoto wakicheza Ukuti Ukuti wameshikana mikono, wanazunguka, wanateremka chini pamoja, na asiyefuata anaonekana saa hiyo hiyo. Kila mmoja ana kazi mwilini. Ninachokipinga ni swali lenye jibu lake ndani, linaloulizwa watoto mia kwa mpigo ili mwalimu apumue.

Sasa niwaambie nilichokiona mapumziko, shule hiyo hiyo. Ninajua, mratibu, nimeshakisimulia, lakini kuna wageni.

Ndani ya darasa kulikuwa na binti, alikuwa karibu kutimiza miaka sita. Mwalimu kamwita ubaoni: tano ukitoa mbili? Binti akatazama dari. Akatazama miguu. Akarudi kukaa. Kengele ikagonga, nikatoka, nikamkuta nyuma ya vyoo na dada wawili wa darasa la pili wanacheza mdako. Mnaujua mdako, msijifanye watu wa mjini. Shimo dogo, kokoto kumi. Unarusha kete juu, kabla haijarudi unazoa kokoto kutoka shimoni, unaidaka. Unarusha tena, unarudisha kokoto shimoni lakini unabakiza moja nje, hiyo ni yako. Ukimaliza raundi ya moja moja, unaingia mbili mbili, halafu tatu tatu.

Binti mkono wake haujawa mwepesi, kete inamdondoka, wakubwa wanampa nafasi ya pili. Lakini macho! Dada mmoja alikuwa raundi ya mbili mbili. Shimoni zimebaki sita, akazitoa zote, akarudisha tatu. Binti akaruka: "Umeiba! Ulitakiwa urudishe nne!" Sita, toa mbili, nne. Huyu aliyeshindwa tano toa mbili dakika kumi zilizopita! Na walipofika tatu tatu, kokoto kumi hazigawiki, ikabaki moja, ukazuka ugomvi mkubwa ni ya nani. Walimu, hao wanabishana juu ya baki. Baki! Inayotusumbua sisi na watoto wa darasa la nne.

Kwa nini nje aliweza? Angalieni kilichokuwepo. Kokoto zinashikika. Kosa lina matokeo hapo hapo, unanyang'anywa zamu. Kuna sababu ya kuhesabu, mali yake ipo hatarini. Na kuna wakubwa kidogo kuliko yeye wanaomsaidia bila kumdharau. Mwanasaikolojia mmoja Mrusi, Lev Vygotsky, aliyefariki 1934, aliandika kwamba kile mtoto anachokiweza leo kwa kusaidiwa ndicho atakachokiweza kesho peke yake, na ufundishaji unatakiwa ulenge hapo katikati. Nyuma ya vyoo Temeke nadharia hiyo ilikuwa inatekelezwa bila semina. Sisi tukagonga kengele, tukawaambia watupe mawe, waingie darasani wakajifunze hesabu.

Kwa hiyo ninaposema mazingira yanayomweka mtoto katikati, sisemi kupaka ukuta rangi ya waridi. Ninasema zile kokoto ziingie ndani. Kokoto, vizibo vya soda, vifuniko vya chupa za maji, maharage, mchanga kwenye trei kuukuu. Kona ya duka. Jamani, watoto wa Dar es Salaam wanaijua biashara! Wekeni meza, makopo matupu na simu mbovu, mtaona. Nilimsikia mmoja anamwambia mwenzake, kwa sauti ya wakala kabisa: "Mama, salio lako halitoshi." Hapo kuna kuhesabu, kuna lugha, kuna adabu ya mteja. Na hajaitikia mtu "ndiyo".

Na badilisheni swali. Badala ya "si ndiyo?" uliza "umejuaje?" Halafu nyamaza. Walimu tunaogopa kimya kuliko mkaguzi. Mtoto hajafungua mdomo tumeshamjibia. Hesabu kimoyomoyo mpaka tano. Akikosea, uliza tena umejuaje, maana kosa lake litakuonyesha alikopotea.

Naona mikono. Ninalijua swali: "Mama, wewe umestaafu, unaongea tu. Mwongozo unasema mwalimu mmoja watoto ishirini na watano, mimi ninao mia na ushee na chumba kimoja." Ni kweli, na msikubali mtu yeyote awaambie hali hiyo ni ya kawaida. Lakini nijibuni na ninyi: kuitikia kunawasaidia hao mia? Kwa wingi huo ndiyo hasa vikundi vinahitajika. Mpe kila mtoto rangi yake. Nyekundu wako kwenye vizibo, kijani kona ya duka, bluu wanachora chini kwa mkaa, njano wako na wewe chini ya mwarobaini, wachache, unawasikia mmoja mmoja. Kesho mnazunguka. Siku tatu za mwanzo itakuwa vurugu, majirani watalalamika. Wiki ya tatu wanapanga vifaa wenyewe. Wengine watasema wewe hufundishi, watoto wanacheza tu. Wakaribishe waje wasikilize.

Mwingine ananong'ona kwamba hayo ni mambo ya shule za matajiri wa Masaki. Hapo ninapandwa na hasira kidogo. Maria Montessori, ambaye jina lake mnaliona kwenye mageti ya shule za ada kubwa, alifungua shule yake ya kwanza, aliyoiita Nyumba ya Watoto, tarehe 6 Januari 1907, San Lorenzo, Roma. San Lorenzo ya wakati huo ilikuwa mtaa wa vibarua na maskini. Njia yake ilianzia kwa watoto wa aina ya wale wa Mbagala na Tandale, ikapandishwa bei njiani. Na kama hamtaki Mtaliano, Mwalimu Nyerere mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, aliitaka shule ijenge akili yenye udadisi. Udadisi, si utii wa kuitikia.

Mratibu ananionyesha vidole vitano. Basi haraka.

Wazazi. Wanataka daftari lenye vema nyekundu, wanataka Kiingereza, wanataka mtoto wa miaka minne apewe kazi ya nyumbani. Wanamwamsha saa kumi alfajiri awahi basi la shule, halafu mwisho wa mwaka tunamvalisha joho na kofia, eti kahitimu chekechea. Kahitimu nini? Mwalikeni mzazi akae nusu saa kona ya duka, amwone mwanawe anavyorudisha chenji. Mkutano hauwezi kumshawishi, hilo linaweza.

Watoto wenye ulemavu nilikuwa na kurasa mbili, sitazisoma. Niseme tu kwamba mtoto asiyesikia vizuri ndiye anayefichwa kabisa na kuitikia, kwa sababu mdomo unafunguka na wenzake na hakuna anayegundua mpaka darasa la pili. Kwenye kikundi cha wachache utamgundua wiki ya kwanza. Uji: bila uji hakuna kona itakayofanya kazi, na hilo tumalize na kamati za shule.

La mwisho ni la walimu wakuu, mko sita humu, nimewahesabu. Acheni kumpeleka darasa la awali mwalimu anayesubiri barua ya kustaafu, au kijana wa kujitolea aliyefika jana. Mpeleke yule unayemtegemea kwa darasa la saba. Utalalamika matokeo yatashuka. Yatashuka mwaka mmoja au miwili, Afisa Elimu Kata atakuita, umweleze. Mimi nipo, nipigieni, nitakuja nimweleze pamoja nawe.

Tathmini nimeiruka, iko kwenye karatasi mliyopewa. Maswali. Yule dada wa kitenge cha njano, umenyoosha mkono tangu kwenye mdako.