Bei ya Mnadani na Fedha ya Mkononi

Viongozi wa vyama vya msingi vya ushirika, wazee wangu, kina mama, vijana wenzangu: shikamooni, na asalaam aleikum.

Nimeombwa nizungumzie mageuzi ya sera na ugumu wa maisha. Hapa Mtwara, ukizungumzia hayo ukaiacha korosho, umepoteza muda wa watu. Nitabaki humo humo.

Tuanze kwa kutenda haki. Mfumo wa stakabadhi ghalani, yaani korosho kuwekwa ghalani kwa stakabadhi na kuuzwa mnadani, uliotokana na sheria ya mwaka 2005 na kuanza kwetu msimu wa 2007/08, umetufaa. Zamani mnunuzi alikufuata barazani na mizani yake, na bei akaipanga yeye. Leo gunia linapimwa chama cha msingi, linakwenda ghala kuu, wanunuzi wanashindana. Mnada wa TANECU, chama kikuu cha ushirika cha Tandahimba na Newala, wa kufungua msimu Oktoba 2024, kilo ilivuka shilingi 4,000. Na salfa ya kuzuia ubwiri unga, ule ugonjwa wa mikorosho, iliyokuwa ikitutoa jasho kuinunua, serikali ikaanza kuigawa bure.

Sasa niseme linalonikera. Fedha ya korosho huingia mara moja kwa mwaka. Januari shule zinafunguliwa: sare, madaftari. Zinafuata palizi na mvua. Ikifika Machi, mihogo imepungua na mahindi mapya bado. Hapo ndipo anapobisha hodi mtu wa kangomba, yule anayenunua korosho kwa magendo, nje ya mnada. Ana unga, ana noti, ana daftari. Anaandika jina lako na gunia moja la korosho ambazo mti wake haujatoa hata ua. Oktoba, wewe unasikia bei ya mnada redioni. Gunia lako lina mwenyewe.

Kangomba ni kosa, hilo sibishi. Mwaka 2018 serikali iliponunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kilo, mtu huyo alisakwa kweli kweli, na uhakiki wa wakulima kabla ya malipo ukawachelewesha hata wasio na hatia. Lakini hakwisha. Askari anaweza kumkamata mkopeshaji. Njaa ya Machi hawezi kuitia pingu.

Mtaniambia stakabadhi ni dhamana, peleka benki. Kisheria ni kweli. Ila karatasi hiyo unaipata korosho zikishafika ghalani, na shida ilikubana miezi saba kabla! Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri nayo, iliyosimamishwa 2023 na kurudishwa 2024, ni nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu. Mzee wa miaka 60 mwenye mikorosho yake na afya yake hayumo.

Ninachopendekeza si kigumu. Mkulima amesajiliwa, malipo yake yanapitia benki, kwa hiyo mauzo yake ya misimu iliyopita yanajulikana. Hayo yawe dhamana. Akopeshwe kidogo Februari au Machi kupitia chama chake, akatwe Oktoba. Najua mtaguna kusikia neno makato, maana mjengeko wa bei, ile orodha ya makato kwa kila kilo, tayari una mistari mingi, na mingine mwanachama hajawahi kuelezwa. Basi mkutano mkuu uisome yote kwa sauti kabla ya mnada wa kwanza, na usioelezeka ufutwe, mkopo wa Machi upate nafasi.

Karibuni kwa maswali. Tuanze na mwenyekiti wa chama pale mbele, maana nimemwona akitikisa kichwa tangu nilipotaja makato.