Kinyume cha "light" inategemea umebeba nini

Habari zenu ndugu zangu wa Mbeya, kuanzia Uyole mpaka Mafiati, na nyinyi wa Rungwe na Iringa. Wakubwa zangu, shikamooni. Leo naongea zaidi na wadogo zangu mnaoingia kidato cha kwanza. Shule ya msingi umesoma kwa Kiswahili, ghafla baiolojia na jiografia zinakuja kwa Kiingereza.

Najua wengi mnakariri maneno na vinyume vyake. "Big", "small". "Hot", "cold". Endeleeni, ila msikariri neno likiwa peke yake. Huku Birmingham, Uingereza, nafanya kazi ghalani. Boksi likiwa "light", yaani jepesi, kinyume chake ni "heavy". Rangi ya ukuta ikiwa "light", yaani isiyokolea, kinyume ni "dark". Mtu "old", mwenzake ni "young"; gari "old", jingine ni "new".

Wala si jambo geni kwenu. Muulize mama anayeuza ndizi Tukuyu kinyume cha mbichi, atakwambia mbivu. Muuza kuni atasema kavu. Kwa nyama, ni iliyoiva. Neno moja, vinyume vitatu, na hakuna aliyekukaririsha hata kimoja! Basi Kiingereza nacho kisomeni hivyo hivyo, neno pamoja na kitu chake: "light bag", "heavy bag".

Halafu kuna viambishi, vile vipande vinavyobandikwa mwanzoni mwa neno kulikanusha. "Happy" inachukua "un", "correct" inachukua "in". Lakini "possible" inakuwa "impossible", kwa sababu midomo inajiandaa kufumba kwa ajili ya P. Na sisi ndivyo tulivyo: tunasema nguo nzuri, ila nguo mbaya, maana N mbele ya B inageuka M. Mbele ya L utakuta "illegal", mbele ya R "irregular".

Sasa hili naomba mlishike, hasa vijana wa bodaboda. Barabara ya Tunduma inapitisha malori ya mafuta usiku na mchana. Tangi likiandikwa "flammable" au "inflammable", maana ni ile ile: kilichomo kinashika moto upesi. Hiyo "in" haikanushi chochote. Neno limetoka kwenye "inflame", yaani kuwasha. Anayedhani ni kinyume anaweza kusogea pale na sigara mkononi. Tafadhali, waambieni wenzenu wa kijiweni leo hii, hata kabla hamjafungua daftari.