Shukrani za Mteja Si Kipimo

Nalirudia, na nitalirudia mpaka ripoti zetu sisi maafisa ustawi wa jamii zibadilike: idadi ya familia zilizotembelewa ni kazi iliyofanyika, si matokeo. Hata shukrani za mteja si matokeo.

Mwaka 1931 Daktari Richard Cabot wa Boston aliwataka maafisa ustawi wa jamii wa Marekani wapime kazi yao. Kisha yeye mwenyewe akaanzisha jaribio la kuzuia uhalifu wa vijana, Cambridge na Somerville, Massachusetts. Wavulana 506 wakapangwa wawili wawili, wakifanana umri, akili, hali ya familia na mtaa. Kila jozi ikarushiwa sarafu: mmoja akapewa mshauri, mwenzake akaachwa aendelee kama kawaida. Huduma ilitolewa 1939 hadi 1945. Mshauri alifika nyumbani kama mara mbili kwa mwezi. Zaidi ya nusu ya watoto wakafundishwa masomo ya ziada, robo wakapelekwa kambi za kiangazi.

Miaka ya 1970 mtafiti wa uhalifu, Joan McCord, akawatafuta wavulana wale, sasa watu wazima. Theluthi mbili ya waliohudumiwa walisema mradi uliwasaidia. Wengi wetu tungefunga jalada hapo! Yeye akafungua kumbukumbu za mahakama, hospitali na vifo, akalinganisha pande mbili. Waliohudumiwa ndio waliorudia uhalifu zaidi, wenye dalili za ulevi zaidi, na waliokufa mapema zaidi. Uchambuzi wake wa baadaye ukaonyesha madhara yalijikusanya kwa waliopelekwa kambini zaidi ya mara moja, vijana wakichocheana ukorofi. Bila wale walioachwa, nani angejua?

Mtasema ni ukatili kumnyima mtoto huduma kwa sarafu. Nafasi zikiwa 40 na wahitaji 90, hamsini mnawanyima kila mwaka, tena mara nyingi kwa kujuana. Pigeni kura ya bahati nasibu, iamue nani apate nafasi. Majina yote yaandikwe kabla, na baada ya kura asihamishwe mtu. Walioacha huduma katikati watafuteni na wahesabiwe upande wao uleule. Mara nyingi hao ndio wenye hali mbaya, na mkiwafuta hesabu inanona kwa uongo.

Muda umeniishia. Kipimo cha watafiti Hunt na Kogan, New York, 1950, nakigusa tu: maafisa walisoma majalada ya wateja wakatoa alama za mabadiliko yao, kuanzia -2 (kurudi nyuma) hadi +4, lakini hapakuwa na kundi la kulinganisha, yaani watu wasiohudumiwa. Mtafiti Fischer, 1973, alikusanya tafiti 11 zenye kundi hilo, na hakuona ushahidi thabiti kwamba huduma ya maafisa ustawi ilifaa. Mengine tuyachukue kwenye maswali.